Unyumbufu wa mpira: kwa nini hudunda, na kwa nini siku moja huacha kudunda

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu katika mijadala mingi ya matairi, magodoro, viatu vya kukimbilia na mipira ya michezo, naona tunakiita kitu kinyumbufu kwa kuwa tu ni laini, au kwa kuwa kinavutika sana. Bigijii iliyokwisha kutafunwa huvutika kuliko lastiki yoyote, lakini ukiiachia hubaki ilipofika, na kwa hiyo haina unyumbufu. Udongo wa mfinyanzi ni laini, lakini ukiubonyeza unakaa na alama ya kidole chako. Unyumbufu ni tabia ya kurudi. Kitu kinyumbufu ni kile ambacho kikivutwa, kikibonyezwa au kikipindwa, hurudia umbo na ukubwa wake wa awali pindi kani inapoondolewa, na katika kurudi huko hurejesha nishati iliyotumika kukibadilisha. Kwa hiyo, anayetaka kupima unyumbufu wa kitu aulize kimerudi kwa kiasi gani, kimerudi kwa haraka gani, na kimerejesha sehemu gani ya nishati kiliyopewa. Maswali hayo nitayarudia mara kwa mara, kwa sababu yapo maisha ya watu yaliyopotea kutokana na lile swali la haraka kutopewa uzito wake.

Tukianza na swali la nishati, chuma cha pua kinaushinda mpira katika mambo mengi. Gololi ya chuma kigumu ikidondoshwa juu ya bamba nene la chuma hudunda hadi karibu na kimo ilikotoka, jambo ambalo mipira mingi ya kuchezea haiwezi. Tofauti ni kwamba chuma hurudi kutoka katika mabadiliko madogo sana, yasiyofika hata asilimia 1 ya urefu wake, na kikivutwa kupita hapo hupinda moja kwa moja au hukatika, ilhali kipande cha mpira mzuri huvutwa hadi mara tano au sita ya urefu wake na bado hurudi. Springi ya gari inaonekana kujikunja sana kwa sababu waya wake umezungushwa, na kila sehemu ya waya huo hujisokota kidogo tu.

Kanuni ya springi iligunduliwa na Mwingereza Robert Hooke, ambaye mwaka 1676 aliichapisha kwa mafumbo, akizipanga herufi za kanuni yake ya Kilatini kwa mfuatano wa alfabeti, ceiiinosssttuv, ili asiibiwe ugunduzi kabla hajawa tayari. Mwaka 1678 aliufumbua: ut tensio, sic vis, yaani kani ni kwa kadiri ya mvuto. Ukining'iniza mzigo maradufu, springi hurefuka maradufu, mradi hujaivusha kikomo chake. Kabla ya hapo Hooke alikuwa msaidizi wa Robert Boyle, ambaye mwaka 1660 alichapisha majaribio yake juu ya unyumbufu wa hewa. Hilo nalo linatuhusu, kwa sababu katika mpira wa miguu sehemu kubwa ya kudunda hutoka katika hewa iliyofungiwa ndani, na ndiyo maana sheria za mchezo zinataka kanieneo ya mpira iwe kati ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo ya anga kwenye usawa wa bahari. Mpira wa chandimu uliosukwa kwa mifuko ya plastiki na kamba haudundi sana kwa sababu hauna hewa ya kutosha iliyofungwa, na tabaka zake husuguana zinapobonyea, hivyo nishati huishia kuwa joto.

Mashirikisho ya michezo hupima jambo hili kwa vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvijaribu nyumbani. Mpira wa tenisi ukidondoshwa kutoka sentimeta 254 juu ya sakafu ngumu unatakiwa kurudi kati ya sentimeta 135 na 147. Mpira wa tenisi ya mezani ukidondoshwa kutoka sentimeta 30 juu ya meza unatakiwa kufika takriban sentimeta 23. Ukigawanya kimo cha kurudi kwa kimo cha kudondoshwa, unapata sehemu ya nishati iliyorejeshwa, ambayo kwa tenisi ni zaidi kidogo ya nusu, na kwa mpira wa mezani ni zaidi ya robo tatu. Iliyobaki haijapotea kabisa, kwa kuwa imegeuka kuwa joto, mtetemo na sauti ile tunayoisikia.

Sasa naingia katika jambo linaloufanya mpira kuwa wa ajabu, nalo unaweza kulithibitisha hapo ulipoketi. Chukua lastiki pana, iguse mdomoni ili ujue joto lake, kisha ivute kwa ghafla na uiguse tena mdomoni ikiwa imevutwa. Utahisi imepata joto. Ishikilie hivyo hadi ipoe, uiachie irudi ghafla, uiguse tena, nayo itakuwa ya baridi. Aliyeeleza jambo hili kwa mara ya kwanza ni John Gough wa mji wa Kendal, Uingereza, mtu aliyekuwa kipofu tangu utotoni, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1805. Aligundua pia kwamba ukanda wa mpira uliobeba mzigo, ukipashwa joto, hufupika na kuuinua mzigo, wakati waya wa chuma katika hali hiyo hiyo hurefuka. James Joule alilipima kwa makini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1859.

Maelezo ya tabia hiyo ya mpira yalichelewa sana kupatikana, kwa sababu hayakuwezekana kabla wanakemia hawajakubali kwamba kuna molekuli ndefu mno. Mjerumani Hermann Staudinger alilitetea wazo hilo tangu mwaka 1920 huku wenzake wengi wakilipinga, na tuzo ya Nobel akaja kuipata mwaka 1953. Molekuli za mpira ni ndefu na zimechangamana kama nyuzi zilizotupwa kapuni bila mpango, nazo hutikisika muda wote kwa nguvu ya joto. Mtu anapouvuta mpira, anazinyoosha na kuzipanga. Kuna njia nyingi mno za nyuzi hizo kukaa zikiwa zimejikunja, na njia chache za kukaa zikiwa zimenyooka, kwa hiyo mtikisiko wa joto peke yake unatosha kuzirudisha katika mkunjo. Mwaka 1934 Eugene Guth na Hermann Mark waliliweka wazo hilo katika hesabu, na Werner Kuhn alikuwa akilifanyia kazi wakati huo huo. Katika springi ya chuma, atomi zimevutwa mbali na mahali pake na zinavutana ili zirudi. Katika mpira, kinachorudisha ni joto lenyewe. Naomba msomaji alishike hili vizuri, maana mambo yote ninayoyaeleza chini yanatokana nalo.

Utomvu mbichi wa mpira uliogandishwa hauna unyumbufu tunaoufahamu. Wakati wa joto kali hulainika na kunata, wakati wa baridi hukakamaa, na ukivutwa kwa muda mrefu molekuli zake huteleza moja kando ya nyingine na hazirudi tena. Watu wa Meksiko ya kale walilitatua tatizo hili zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Walichanganya utomvu wa mti wa Castilla elastica na maji ya mmea utambaao wa Ipomoea alba, wakapata mipira iliyodunda vizuri katika viwanja vyao. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aliupasha moto mpira uliochanganywa na salfa, akaona umebaki mkavu na wenye kunyumbuka, na hataza yake aliipata mwaka 1844. Salfa hujenga vifungo kati ya molekuli, ili zinapovutwa zisiteleze na kupoteza mahali pake. Kiasi kidogo, asilimia chache tu, hutoa mpira laini unaorudi vizuri. Kikizidishwa hadi kufikia asilimia 30 au zaidi hutoa eboniti, kitu kigumu kinachoweza kuchongwa. Goodyear alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa, na kampuni maarufu ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wasiohusiana naye.

Nije kwenye baridi. Ikiwa kinachorudisha mpira ni mtikisiko wa joto, basi mpira ukipozwa unapaswa kuchelewa kurudi, na ndivyo ilivyo. Wachezaji wa skwashi huupiga mpira ukutani kwa dakika kadhaa kabla ya mchezo, kwa kuwa ukiwa wa baridi haudundi vya kutosha. Katika ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, vile visahani vya mpira hugandishwa makusudi kabla ya mchezo ili visirukeruke. Na mpira ukizamishwa katika naitrojeni kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hupasuka kama kioo ukigongwa.

Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kilirushwa kutoka Florida asubuhi ambayo jotoridi lilikuwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi. Roketi zake mbili za pembeni zilikuwa zimejengwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira. Roketi inapowaka, kanieneo ya ndani hukitanua kiungo kidogo sana, na pete hutakiwa kujitanua ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ili kuendelea kuuziba mwanya. Hapo ndipo swali la haraka linapokuwa la uhai na kifo, kwa sababu pete ile ingerudia umbo lake hatimaye, lakini si kwa kasi iliyohitajika. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walipinga urushaji usiku uliotangulia, wakieleza kwamba urushaji wenye baridi kuliko yote hadi wakati huo ulifanyika kwenye takriban nyuzi 12. Hawakusikilizwa. Gesi ya moto ilipenya, na sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilivunjika na watu wote saba wakafariki.

Katika tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha pete hiyo, akakibana kwa koleo dogo, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokitoa na kukilegeza, kilichelewa kurudi. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa majaribio bora kabisa ya fizikia yaliyowahi kufanywa hadharani, kwa sababu kila aliyelitazama alielewa, na halikuhitaji kifaa ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeshindwa kukipata.

Nawakaribisha kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji, mwalimu wa fizikia

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Nafundisha sekondari, na mada hii huwa naifundisha kwa springi na mawe ya mizani. Wanafunzi wakitumia lastiki badala ya springi, mchoro wao haunyooki, nao hudhani wamekosea kupima. Je, niwaeleze nini? Pia, lipo onyesho rahisi la kuwaonyesha kwamba ulaini na unyumbufu ni vitu viwili?

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na nashukuru kwa swali zuri. Waambie hawajakosea hata kidogo. Kanuni ya Hooke hufuatwa na springi ya chuma ndani ya kikomo chake, na hufuatwa na mpira pale tu unapovutwa kidogo. Mpira ukiendelea kuvutwa, mwanzoni hulegea zaidi kuliko kanuni inavyotabiri, kisha karibu na mwisho hukaza ghafla, kwa sababu molekuli zimeshanyooka na hazina tena mkunjo wa kutoa. Mchoro wake hufanana na herufi S. Mwanafunzi aliyeuchora hivyo amepima kwa uaminifu na anastahili alama zake.

Waambie pia wapunguze mawe moja baada ya jingine na kuandika vipimo vya kurudi. Watakuta mstari wa kurudi umepita chini ya ule wa kwenda. Eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili ni nishati ambayo lastiki ilipokea na haikuirejesha, bali ikaigeuza kuwa joto. Naona ni vyema wanafunzi walione eneo hilo kwa macho yao kabla ya kupewa jina lake.

Kuhusu onyesho, zipo jozi za mipira midogo myeusi ziuzwazo kwa ajili ya shule, mmoja wa neoprini na mwingine wa polinobonini. Ukiishika, huoni tofauti kubwa. Ukiidondosha, wa kwanza hudunda vizuri na wa pili hutua na kunyamaza. Kama haipatikani, dondosha mpira wa tenisi na kipande cha sponji ya godoro kutoka kimo kimoja, halafu gololi juu ya sakafu ya saruji, uwaache wabishane wenyewe ni kipi kinyumbufu zaidi.

Mchangiaji, fundi wa magari

Wakuu, mimi ni fundi na mengi mliyosema nayaona kila siku kwa jina jingine. Madereva wa masafa marefu wana desturi ya kupunguza upepo wa matairi mchana wa jua kali, wakisema hewa imetanuka na tairi litapasuka. Mimi huwakataza, lakini sijawahi kupata maelezo ya kuwaridhisha. La pili, wateja wengi hawaelewi kwa nini nawaambia springi ni nzima ila shokapu imekufa.

Mleta uzi

Ndugu fundi, uko sahihi kuwakataza, na endelea hivyo hivyo. Sehemu ya tairi inayogusa barabara hubonyea, kisha hunyooka gurudumu linapozunguka, na kila mbonyeo hupoteza nishati kidogo kuwa joto ndani ya mpira, ile ile niliyomweleza mwalimu. Upepo ukipungua, kuta za tairi hubonyea zaidi, joto huzalishwa kwa wingi zaidi, na kwa kuwa mpira haupitishi joto kwa urahisi, joto hilo hujilimbikiza ndani hadi mpira unaachana na nyuzi zilizomo. Tairi lenye upepo pungufu hupasuka kwa sababu ya kunyumbuka kupita kiasi. Kanieneo kuongezeka kidogo tairi likiwa la moto ni jambo ambalo watengenezaji walilihesabu tangu mwanzo, na ndiyo maana kipimo wanachokiandika ni cha tairi la baridi, yaani kabla safari haijaanza. Dereva anayepunguza upepo njiani anaiongeza hatari ile ile anayoikimbia.

Kuhusu shokapu, waeleze wateja kwamba springi kazi yake ni kurejesha nishati na shokapu kazi yake ni kuila. Gari likipita kwenye tuta, springi hujikunja na kurudi, na kama ingeachwa peke yake ingeendelea kupanda na kushuka mara nyingi, huku matairi yakipoteza mgusano na barabara. Shokapu huyasukuma mafuta kupitia matundu madogo, na nishati ya mdundo hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta hayo. Ukibonyeza kona ya gari na kuiachia, ikiendelea kupanda na kushuka mara kadhaa, springi imeonyesha uzima wake na shokapu imeonyesha ugonjwa wake.

Mchangiaji, mwanafunzi wa biolojia

Naomba kuongezea kwa ufupi. Mwaka 1960 Torkel Weis-Fogh alieleza kuhusu protini iitwayo resilini, aliyoikuta katika bawaba za mbawa za nzige wa jangwani, hawa hawa waliovamia Kenya, Somalia na Ethiopia mwaka 2019 na 2020. Protini hiyo hurejesha takriban asilimia 97 ya nishati inayopewa, na nayo hurudi kwa njia ile ile ya mpira, yaani minyororo mirefu iliyofungwa kwa vifungo vichache. Mbawa zikifika mwisho wa mwendo mmoja, resilini huwa imeihifadhi nishati na kuirudisha katika mwendo unaofuata. Hii ni mojawapo ya njia zinazomwezesha nzige kuruka kwa saa nyingi.

Mleta uzi

Mdogo wangu, nakushukuru kwa dhati. Sikuwa nimelitaja, na ni mfano mzuri kuliko mipira yote niliyoiorodhesha. Tofauti yake na mpira wa tenisi uliorejesha zaidi kidogo ya nusu inaonyesha ni kazi kiasi gani bado ipo mbele ya wanakemia.

Mchangiaji, mshonaji

Habari zenu ndugu zangu. Swali langu ni la nyumbani. Lastiki ya sketi au suruali hulegea baada ya muda hata kama nguo haijavaliwa sana. Wateja hudhani nimewawekea lastiki mbovu. Je, inaweza kuzuiwa?

Mleta uzi

Dada, mara nyingi kosa si lako. Ndani ya lastiki kuna nyuzi za mpira, au za spandeksi iliyobuniwa na Joseph Shivers mwaka 1958, zilizosukwa pamoja na uzi wa kawaida. Oksijeni ya hewani huishambulia minyororo ya mpira polepole, ikiikata au kuifunga kwa vifungo vipya mahali pasipotakiwa. Ikikatwa, lastiki hulegea. Ikifungwa kupita kiasi, hukauka na kupasukapasuka. Jua na joto huharakisha yote mawili, na ndiyo maana hata lastiki iliyokaa dirishani bila kuguswa huharibika. Spandeksi huvumilia hewa vizuri zaidi, lakini haipendi dawa za kung'arisha nguo zenye klorini wala pasi ya moto sana. Waambie wateja waanike nguo upande wa ndani ukiwa nje na kwenye kivuli, wasipige pasi juu ya lastiki, na wasizihifadhi zikiwa zimevutwa. Nawe unaponunua roli dukani, vuta kipande kidogo hadi maradufu, kishikilie kwa dakika kadhaa, kisha kiachie na ukipime kwa rula. Kisiporudia urefu wake, usilinunue roli hilo.

Hayo hayo yanayahusu matairi, ndugu fundi, hasa yale yaliyotumika nje na kuletwa kwetu yakiwa bado na kashata za kutosha. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne, ambapo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Kabla ya kumpa mteja bei, msomee tarakimu hizo, kisha likunje bavu la tairi kwa mkono mkiwa pamoja na mtazame kama mpira una nyufa ndogo ndogo.